Bi Kadi na Bahasha Mbili

Tarehe 30 Juni karani wetu wa masjala atakabidhi funguo zake, baada ya kuitumikia Idara ya Maji kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kamati ya sherehe imeniomba niandike habari zake kwa ajili ya jarida hili. Nimeshaandika mara tatu na mara tatu nimechana, kwa sababu ambazo msomaji ataziona huko mbele.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mwaka wa pili akapelekwa masjala, chumba cha chini chenye dirisha moja, na huko akaota mizizi. Bomba la ghorofani lilipopasuka na kulowesha rafu nzima, alifunga kamba ukumbini na kuanika ramani za mabomba kama nguo kwa siku tisa. Zilipotea mbili tu, na hadi leo anaweza kukutajia mitaa iliyokuwa ndani yake.

Lakini wengi wetu tunamjua kwa vitabu. Alikuwa akisoma wakati wa chakula cha mchana, peke yake, hadi siku mhasibu alipopita, akamkuta anacheka, akauliza kuna nini. Akapewa kitabu. Mhasibu akamleta mwenzake, na sasa tuko kumi na mmoja. Kila Jumatano tunakaa katikati ya rafu, kila mtu anasema amesoma kitabu gani na nani akisome baada yake, na mwenye kutoboa mwisho wa hadithi anaosha vikombe. Yeye huandika mapendekezo yake nyuma ya kadi za mafaili ya zamani, ndiyo maana tukamwita Bi Kadi. Mimi ni msoma mita, na kabla yake sikuwa nasoma kitu kingine. Kadi yangu ya kwanza ilinipeleka kwenye riwaya ya mtu anayejenga daraja kwa kurasa mia nne bila kulimaliza. Nilikilalamikia kitabu kile kwa mwezi mzima, kisha nikaomba kingine.

Miaka sita iliyopita, dereva wetu wa lori la mabomba alifiwa na mkewe. Aliporudi kazini alikuwa hasemi na mtu. Jumatatu moja alikuta bahasha kwenye kiti cha lori, na ndani yake kitabu na kadi: "Kisome ucheke, kisha uniambie." Kilikuwa kitabu cha vichekesho, habari za mwanamume aliyefiwa na mke, anatafuta mwingine, na anakataliwa na wanawake saba mfululizo.

Nilikuwa masjala natafuta ramani alipoingia. Alikiweka kitabu mezani taratibu, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

"Mama," alisema, "kaburi bado bichi."

Bi Kadi aliitazama kadi ile, akaitazama tena. Kisha akavuta kiti. "Kaa, baba," akasema, na kwa jicho akaniambia nitoke. Nilisimama nje kusubiri ramani yangu, sina budi kukiri. Nilisikia sauti ya dereva ikipanda, ikashuka, ikaendelea. Sauti ya Bi Kadi sikuisikia kabisa.

Kesho yake dereva alirudi. Na keshokutwa. Wiki mbili nzima, kila saa sita, alishuka masjala na kufunga mlango. Ofisi iligawanyika. Wengine walisema mama huyu hana utu. Wengine wakasema ana elimu ya ndani ambayo sisi hatuna. Mimi sikujua nisimame upande gani.

Jumatano ya tatu dereva alikuja kikaoni na kitabu kile mkononi. Alikuwa amekimaliza. Akatusomea habari za mwanamke wa nne, yule anayemfukuza mchumba kwa mwiko huku akimsifia viatu. "Huyu ni marehemu wangu mtupu," akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Hatukujua tucheke au tulie. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kupinga kadi ya Bi Kadi.

Majira yaleyale, mpishi wa kantini, mpenda mizaha kuliko sisi sote, alibadilika. Akawa anawahi nyumbani, anambebea mkewe kikapu, anamsihi aende hospitali akapimwe. Mkewe alifika hadi ofisini kutuuliza mumewe amefanya kosa gani. Tulimjibu hatujui, na kweli hatukujua.

Wiki iliyopita nilishuka masjala kukusanya habari za kuandika hapa. Nikamuuliza Bi Kadi alipata wapi ujasiri wa kumpa mfiwa kitabu kama kile. Aliweka kalamu chini.

"Ujasiri gani? Nilikosea. Kile kilikuwa cha mpishi."

Siku ile alikuwa na bahasha mbili na wakaguzi mlangoni, akachanganya majina. Kitabu cha dereva kilikuwa kingine, cha kumfariji aliyefiwa, chenye kadi iliyosema: "Kisome polepole. Hakuna anayezoea mara moja." Hicho ndicho kilichomfikia mpishi, naye akaamini mama amesikia jambo kuhusu afya ya mkewe.

"Nilitaka kumwambia dereva palepale," alisema, "lakini alikuwa ameshaanza kusema. Nikangoja amalize. Akimaliza leo, kesho anaanza tena. Sasa ni miaka sita, na siwezi kuondoka na jambo hili moyoni."

Jumatano hii alilisema mbele ya wote, amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza. Hakuna aliyegusa chai. Mpishi ndiye aliyefungua kinywa kwanza: "Kumbe mke wangu hakuwa mgonjwa." Hatukucheka. Tulikuwa tunamtazama dereva, na mimi niliogopa kwamba kitu alichokishikilia miaka yote hii kimevunjika mbele ya macho yetu.

Dereva alimgeukia Bi Kadi.

"Na zile siku ulizonisikiliza," akauliza, "nazo ulikosea?"

"Zile hapana, baba."

"Basi," alisema dereva, akavuta kikombe chake.

Ndiyo maana nimechana karatasi mara tatu. Nilikuja kusifu hekima yake, nikaletewa kosa; nikataka kuandika kosa, nikamkumbuka dereva akisoma habari za mwanamke wa nne. Mpaka napeleka ukurasa huu kwa mhariri sijajua ipi ni hekima na lipi ni kosa, na dereva ameniambia nisijisumbue.

Mama, idara inakushukuru kwa kila faili ulilolipata wakati sisi tumeshakata tamaa, na sisi kumi tunaobaki tunakushukuru kwa kila kadi. Mungu akupe macho yasiyochoka, kiti kizuri karibu na dirisha kubwa kuliko lile la masjala, na jirani anayependa kubishana juu ya vitabu. Jumatano tutakuwa palepale. Kiti chako hatumpi mtu.