Dawa za Mtu Asiyeumwa

Noah ya abiria ilipoiacha foleni ya malori ya Tunduma, Mzee Alinanuswe alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake Mhoja, mfugaji wa Momba, alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye kwamba anakwenda Vwawa kurudisha dawa hospitalini.

"Walinipima damu, wakasema nina lehemu nyingi, yale mafuta ya kwenye damu. Mimi siumwi popote. Wampe mgonjwa."

"Na mume wangu hakuumwa popote," alisema yule mama, mkulima wa kahawa. "Lehemu haipigi hodi, kaka. Inaganda kimyakimya kwenye mishipa. Siku moja mwenzangu mkono ulilegea, mdomo ukaenda upande. Tukasema ni uchovu, tukamlaza."

"Pole, mama. Labda alikuwa mnene. Mimi natembea na ng'ombe kutwa."

"Alikuwa mwembamba kukuzidi. Ukipandisha mlima, kifua hakikubani?"

Mhoja alitazama nje kidogo. "Kinabana. Nikisimama kinaachia. Huo ni uzee tu."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na nane."

Mzee Alinanuswe, mwenye sabini na tano, ilibidi akohoe.

"Hilo la kifua ulimwambia daktari?" aliuliza yule mama.

"Hakuniuliza."

Gari likasimama Vwawa. Mhoja akashuka na dawa zake mkononi, akapiga hatua mbili, kisha akarudi dirishani.

"Mama, huyo mumeo, baada ya kumlaza, aliamka?"

Konda alikuwa ameshavuta mlango, na gari likaondoka.