Mkanda wa Kumteremshia Stefanija

Baba Padri, majirani wa kijiji chetu cha Beržuvėnai, ndugu na jamaa mliokanyaga matope haya ya Oktoba kuja kutusindikizia mpendwa wetu, mimi ni Juozapas Vaitkūnas, mdogo wake marehemu, na nimepewa karatasi iliyoandikwa vizuri na mpwa wangu Audronė, mtoto wake wa pekee, niisome kama ilivyo, nami nitaisoma, ila pale inapopita pembeni ya ukweli nitairudisha njiani, kwa maana dada yangu hakuvumilia kitu kilichopinda.

Marehemu Stefanija Grybienė alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika nyumba ileile tulimomtoa asubuhi ya leo, mtoto wa kwanza wa wakulima wa kitani Kazimieras na Elžbieta, na mwaka 1949 baba yetu alipopelekwa Siberia, asirudi, Mama alibaki na watoto wawili, ng'ombe mmoja na fremu ya kufumia mikanda. Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Karatasi inasema kwamba katika miaka hiyo alirithishwa hazina ya mila zetu, na mimi niliyekuwepo nasema alirithishwa kwa kugongwa vidole na Mama kwa kibao kila alipokosea ua la mkanda, akalia, akafumua, akaanza upya, na kufikia miaka kumi na mitano hapakuwa na msichana wa kumfikia kwa mkanda.

Alifanya kazi katika shamba la ushirika, kitengo cha kitani, hadi lilipovunjwa mwaka 1991. Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Petras Grybas, fundi wa matrekta, ndipo akaitwa Grybienė, mke wa Grybas, aliyetutoka mwaka 1995, na tarehe 3 Septemba 1971 walijaliwa binti yao Audronė. Hapa karatasi imeruka jambo ambalo wazee mliopo mnalijua, kwamba katika nyumba yetu jeneza haliteremshwi kwa kamba, kamba ni ya ndoo na ng'ombe, linateremshwa kwa mkanda uliofumwa na mtu wa nyumba hiyo, wala mtu hajifumii wake, kinyozi hajinyoi. Stefanija alimfumia Mama, akamfumia Petras, na tangu siku tuliyomzika Petras alikuwa akijiuliza ni nani atakayemfumia yeye.

Mwaka 2004 Audronė alirudi kutoka mjini, akageuza ghala la kitani lililoungana na nyumba kuwa darasa la kazi za mikono, na mabasi ya watalii yakaanza kuja. Wageni walioka mkate wa shayiri nyeusi, walikula jibini, walipiga picha na marehemu akiwa amevikwa shanga za kaharabu ambazo maishani mwake hakuwahi kuzivaa siku ya kazi, kisha kila mmoja alikaa kwenye benchi akafuma kipande cha upana wa vidole vinne. Marehemu aliwapenda, nisiseme uongo. Aliyevuta sana, mkanda wake ulibana ukawa kama mkia wa panya, aliyelegeza ulitanuka, naye aliwaambia wote neno lilelile, "Usivute kwa hasira, mwanangu, mkanda haufichi, utaonyesha ulikasirika wapi." Walicheka, wakafuma, wakanywa chai, na wengi wao walipoitwa kwenye basi waliacha vipande vyao mezani pamoja na makombo. Audronė alivitupa kwenye kapu la kuni. Stefanija aliviokota akavitia katika gunia la unga, na alipoulizwa vya nini, alisema mtu akishafuma hata kidogo amefuma.

Mpwa wangu anajua kusema. Anaposhika kipaza sauti na kueleza jinsi binti wa kijiji chetu anavyopokea mkanda kutoka kwa mama yake, watu hutoa leso, hata mimi niliwahi kutoa yangu, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kumaliza mkanda mmoja tangu azaliwe. Mwezi Mei mwaka juzi marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, naye akamwita binti yake mbele yangu akamwambia, "Nifumie mmoja tu, Audronė, hata ukiwa mbaya." Audronė akajibu, "Mama, nani ana muda huo? Watu wa makaburi wana kamba zao." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anapanga viti vya kikundi cha saa nne. Dada yangu hakuomba tena.

Karatasi inasema alifariki tarehe 9 Oktoba 2021 akiwa amezungukwa na familia. Alizungukwa na mimi na jirani yetu Bronė Jakštienė. Familia iliyobaki, yaani Audronė, ilikuwa upande wa pili wa ukuta, darasani, na watalii ishirini, tuliwasikia wakipigia makofi mkate ulipotoka tanurini, na tulipokwenda kugonga mlango tuliambiwa tusubiri wamalize. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni walikuja miaka kumi na saba, mwenyeji hakupona.

Lakini kamba haitatumika leo. Kiangazi chote cha mwaka huu marehemu alimwaga lile gunia kitandani, akavipanga vipande kwa mkono wa kushoto, Bronė akavishonea juu ya kitani kizito, vya kubana na vya kulegea, vyekundu na vya kijani, vya watu ambao hatujui majina yao wala lugha zao. Hakuvunja mwiko, hakufuma hata uzi. Mkanda huo ndio uliopitishwa chini ya jeneza hili. Nilitafuta humo kazi ya mtu wa nyumba yetu, nikatafuta kwa miwani, sikuiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya waliomhudumia bila kumchoka, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, Bronė kwa sindano yake, wenzake wa shamba la kitani waliosalia, na wale wageni wa mabasi, popote walipo, waliofuma vidole vinne wakasahau.

Mwisho, kwa wanaume sita mtakaoshika. Ncha moja ya mkanda haijafumwa, marehemu aliacha nyuzi tupu, upana wa vidole vinne, akamwagiza Bronė auweke mkanda juu ya benchi la darasa, mahali ambapo Audronė anakaa kila siku. Umekaa pale tangu Agosti. Leo asubuhi nimeuchukua, na zile nyuzi bado ni tupu, kwa hiyo shikeni mbali na ncha hiyo, haitahimili, na teremsheni taratibu, msivute kwa hasira, hiyo niachieni mimi.

Pumzika kwa amani, dada yangu, wageni wako wamekushika.