MaZakwe Apiga Hodi: Maisha ya Mama Khonzaphi Dladla, 1957–2019

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Dladla na wa Zakwe, majirani wa Mashunka, na ninyi akina mama wa kundi la Imvunge mlioketi hapo mbele na kofia zenu nyekundu kama alivyopenda yeye, familia inawashukuru kwa kuja, na imempa Ncamisile, mke wa mwanawe wa mwisho, kazi ya kuwasomea njia aliyopita mama yetu.

Khonzaphi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 hapa Msinga, ng'ambo ya mto Thukela, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bhekokwakhe Zakwe na mkewe MaLanga. Alianza shule mwaka 1967 na kuishia darasa la tano mwaka 1971, na mwaka wa mwisho alisoma akiwa na mdogo wake mgongoni kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa, na hadi uzeeni alimtaja mwalimu wake, Bi. Sithole, ambaye hakumfukuza, bali alimpokea yule mtoto na kumbeba mwenyewe huku akifundisha hesabu, ili Khonzaphi apate kuandika.

Kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 alifanya kazi za nyumbani mjini Greytown, na tarehe 14 Mei 1977 aliolewa na Phiwayinkosi Dladla katika uwanja huu huu tulipoketi, na tangu hapo akaitwa MaZakwe, yaani binti wa Zakwe. Siku hiyo, upande wa bwana harusi ulipotakiwa kujibu ngoma ya upande wa bibi harusi, Phiwayinkosi alirusha mguu juu akaanguka chali, wasichana wa Zakwe wakamzomea, "Mwinueni babu, kachoka!", naye akajikung'uta vumbi akawaambia, "Chekeni tu, mimi nimeoa mguu wa kuichezea nyumba nzima." Alilishika neno hilo, maana kwa miaka yote ya ndoa yao kila mkewe alipokwenda kuimba, yeye alibaki na watoto, akawapikia phutu, ule ugali mkavu wa mahindi, na kuwamiminia maziwa mgando, bila kuona aibu mbele ya wanaume wenzake. Walijaliwa watoto wanne, Zwelinjani, Hluphekile, Lindokuhle aliyetutoka akiwa mchanga mwaka 1986, na Sakhile.

Kuanzia mwaka 1980 hadi 2012 alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na ni jikoni hapo, mwezi Machi 1988, kundi la Imvunge lilipozaliwa, akina mama sita wakimenya maboga, mmoja akipiga kifuniko cha sufuria, MaZakwe akianzisha na wengine wakiitikia, mpaka walimu wakaja kusimama mlangoni. Waliimba harusini, kisha mjini, na Oktoba 2003 walialikwa Norwei, katika kijiji kimoja cha pwani, kuwaonyesha watu wa kule nyimbo na ngoma zetu.

Walifika mvua ya baridi ikinyesha, wakaonyeshwa nyumba ya kulala, wakasimama nje ya lango, kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu anayekanyaga uwanja wa watu kabla ya kupiga hodi kwa jina la ukoo wao na kuitikiwa, na jina la ukoo wa nyumba ile hawakulijua. Mwenzao mmoja akanong'ona, "MaZakwe, tutaganda hapa, ingia tu!", naye akajibu, "Niingie kwa watu kama mbuzi? Imbeni." Basi wakaiimba hodi, sauti kumi na mbili mvuani, na mwenye nyumba, Bi. Ragnhild, aliyekuwa ndani na supu yake mezani akingoja wagonge mlango, akatoka mbio na ndara za nyumbani, akamfunika MaZakwe koti la mumewe, na alipoelezwa na mkalimani walichokuwa wakisubiri, akaomba afundishwe jibu. Akafundishwa neno moja tu, "Ngenani", yaani ingieni. Kesho yake jioni, kundi lilipopiga hodi pembeni ya jukwaa, yeye alisimama katikati ya watu akaliimba peke yake, halafu ukumbi mzima ukalifuata, na tangu siku hiyo, popote walipoalikwa, Imvunge hawakupanda jukwaani kabla ya kuitikiwa.

Tarehe 3 Machi 2006 Phiwayinkosi alifariki, MaZakwe akavaa nguo nyeusi, na kama desturi inavyotaka hakuimba wala kucheza kwa mwaka mzima. Mwaka huo kundi lilikauka, mialiko ikapita, wenzake wakatawanyika, na alipovua nguo za msiba alikuta wamebaki watatu, ikambidi aanze tena kwa kupita nyumba kwa nyumba, na jambo hilo lilimuuma kwa muda mrefu.

Aliugua tumbo tangu Novemba 2018, akalazwa hospitalini mara tatu, na hofu yake haikuwa kifo, bali kwamba Imvunge walikuwa wamealikwa tena Norwei mwezi Julai mwaka huu, na Ncamisile, ambaye mama mwenyewe alimfundisha kuanzisha nyimbo, atafungwa na msiba wake asiimbe, na kundi litakauka mara ya pili. Tarehe 5 Mei alimwita shemeji yake, mzee Mbhekiseni, mkuu wa nyumba hii, akamwomba msiba wake uoshwe mapema, yaani mbuzi achinjwe na maombolezo yafungwe kabla ya mwaka kwisha. Mzee alishtuka, akasema, "MaZakwe, wacheze na udongo wako bado mbichi? Watu watasema hukuwa na wenyewe." Naye akamjibu, "Shemeji, watu walisema pia kaka yako alipoanguka chali harusini, na bado tuliishi. Nililieni vizuri, halafu mnichinjie mbuzi, muache watoto waimbe." Mzee alicheka huku machozi yakimtoka, akatoka nje, na mama aliendelea kuuliza kila siku kama shemeji amesema lolote.

Ijumaa tarehe 10 Mei mzee alirudi, akavua kofia, akakaa chini kando ya kitanda ingawa viti vilikuwepo, akamwambia, "Nimeongea na wazee. Tutauosha msiba wako tarehe 15 Juni. Wataimba." Siku hiyo mama alikula, na Jumapili tarehe 12 Mei asubuhi, Hluphekile akimshika mkono, alitutoka kwa utulivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi yule wa zamu ya mchana aliyemsuka nywele wakati wa mapumziko yake, majirani mlioleta kuni na maji kabla hatujaomba, walimu na wapishi wenzake, na wewe mzee Mbhekiseni, kwa neno lako. Tunamshukuru pia Bi. Ragnhild, aliyepiga simu juzi, na kwa kuwa hajui Kizulu na sisi hatujui lugha yake, aliimba neno lile moja, "Ngenani", naye Ncamisile akaweka simu katikati ya uwanja ili wote walisikie.

Sasa tutakwenda kaburini, na Imvunge watampigia hodi kwa wimbo wake, na tunawaomba wote mliopo, wakubwa kwa watoto, mwitikie kwa sauti moja, "Ngenani", ili asisimame nje akingoja. Ingia, MaZakwe, ukapumzike.