Madamu Asiyekosea na Safari ya Iguguno

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza, Mwalimu Magdalena Mughwai anastaafu Juni 30 mwaka huu. Wapo walimu ambao wameshaanza kuvuta pumzi, nami ni mmoja wao.

Alizaliwa Ikungi, akaripoti shuleni kwetu na sanduku la bati na imani kwamba kila mtu hukosea isipokuwa yeye. Alimsahihisha mkuu wa shule mbele ya paredi. Alimsahihisha mchungaji katikati ya ibada ya mazishi, marehemu akisubiri. Mwaka mmoja alitangaza mvua itanyesha kabla ya mahafali. Haikunyesha, akasema mvua ndiyo iliyokosea.

Neno alilolipenda kuliko yote ni inerrant. Alilifasiri ubaoni, "asiyekosea kamwe", na mfano aliotoa ulikuwa yeye mwenyewe. Wanafunzi wakambatiza Madamu Ineranti. Hakukasirika, aliona ni cheo.

Kisha akaja Pendo, binti wa kidato cha tatu kutoka Iguguno. Kwenye jaribio aliandika kwamba zamani neno hilo lilikuwa la nyota. Madamu akamkosesha kwa wino mwekundu. Pendo akasimama.

"Samahani madamu, kwenye kamusi ya nyumbani imeandikwa hivyo."

"Basi kailete hiyo kamusi, na mzazi wako aibebe!"

Darasa likacheka. Pendo akaondoka, asirudi.

Wiki zikapita. Tukasikia baba yake, mzee Hosea, hana huzuni yoyote: alizeti ilikuwa inasubiri mikono shambani, na tayari kuna watu wameshakuja kuulizia posa. Madamu akaanza kuacha chai yake ipoe. Jumamosi moja akaniambia, "Twende Iguguno," nikamfuata, maana hakuna aliyewahi kumkatalia.

Kamusi ilikuwepo kweli. Babu yake Pendo aliwahi kuwapikia wamisionari Kilimatinde, wakamwachia. Sasa ilikuwa inazuia mlango usibamizwe na upepo. Madamu akaifuta vumbi kwa kanga, akasoma amesimama. Neno lina asili ya Kilatini, na mzizi wake ni kutotangatanga. Waingereza wa kale waliziita hivyo nyota zinazokaa mahali pake, tofauti na zile zinazozurura angani. Baadaye ndipo likazoeleka kwa Maandiko Matakatifu, kwamba hayana kosa. Kuhusu walimu, kamusi haikusema kitu.

Akakaa kwenye kigoda.

"Mzee Hosea, mtoto wako alipata. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee akatabasamu kama mtu aliyeletewa sababu mlangoni. "Haya. Kama mwalimu mwenyewe anakosea, mtoto arudi kufuata nini?"

Nilijua tumekwisha. Madamu akajibu, "Arudi anisahihishe. Pale shuleni hakuna mwingine anayethubutu."

Aliyecheka wa kwanza ni mama Pendo, aliyekuwa akichambua mboga. "Baba Pendo, mama wa watu kala vumbi njia nzima kuja kusema amekosea. Wewe umeshawahi, hata kwa kuvuka tu sebule?"

Mzee akakohoa, akaangalia banda la kuku, halafu akatuma mtu shambani. Pendo akanawa miguu, akavaa sare, tukarudi naye mshikaki kwenye bodaboda moja, dereva akilalamika hadi getini.

Jumatatu Madamu aliieleza paredi nzima alivyokosea. Tusidanganyane kwamba alibadilika tabia. Saa nne alikuwa ameshanisahihisha mara mbili. Ila tangu siku ile hakumfukuza tena binti darasani, na binti akitoroka au akizuiwa nyumbani, alimfuata mwenyewe. Amewafuata kwenye mashamba ya mahindi, kwa mama lishe mjini Singida, na Sekenke machimboni walikokuwa wakiuza chai. Mmoja alimkuta kwenye sherehe yake ya kuagwa, siku chache kabla ya kuozeshwa. Madamu akala pilau kwanza, akanawa, ndipo akaondoka na mwenye sherehe.

Madamu, tunakushukuru. Ukaishi Ikungi kwa afya na amani, ulale mpaka jua liingie dirishani. Ile harufu unayoisikia inatoka jikoni. Tangu alfajiri wamejaa humo mabinti zako, sasa ni wamama, na Pendo ndiye anayewaamrisha. Hakuna hata mmoja aliyefuatwa. Wamekuja wenyewe.