Wanawake Wawili Mfululizo

Wasikilizaji wapendwa, Ardith Stidham amefariki. Mwimbaji wa muziki wa kantri, mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe, binti wa mchimba makaa ya mawe wa milima ya Kentucky. Amefariki Jumapili, mikononi mwa dada yake, Lorene.

Mmesikia sifa tangu asubuhi. Nyingi zinatoka kwenye vituo vilevile vilivyomfungia mlango. Basi tuseme taratibu, lakini tuseme.

Ardith alitunga "Shati Jeusi" akifua nguo za mumewe za mgodini. Kabla yake, hakuna mwanamke wa bonde lile aliyewahi kurekodi wimbo alioutunga mwenyewe. Lorene akaendesha gari, Ardith akapakata santuri, wakawa wanabisha hodi kituo baada ya kituo. Katika kimoja, meneja aliwapa kahawa, akausikiliza wimbo hadi mwisho, akaupenda. Kisha akatikisa kichwa.

"Binti, nimetoka kupiga wimbo wa Delphia Rowe sasa hivi. Wanawake wawili mfululizo, watu wanazima redio."

"Watu gani?" Lorene akamvaa. "Wanaume wako chini ya ardhi! Mchana huu redio anasikiliza nani, nyumbu?"

Meneja akacheka. "Dada yako ana ulimi."

"Ulimi anao yeye, sauti ninayo mimi," Ardith akasema. "Piga wimbo."

Hakupiga. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: wanawake wawili wasifuatane. Wanaume kumi wafuatane, sawa. Wanawake wawili, kamwe. Delphia akipanda, Ardith anashushwa. Magazeti yakaandika kwamba wanachukiana. Uongo mtupu. Ardith alipofiwa na mumewe, Delphia ndiye aliyekuja na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, akalala pale wiki nzima. Marafiki hao waligeuzwa majogoo wa kupiganishwa, maisha yao yote. Tukikasirika leo, tusiambiwe tutulie.

Wiki iliyopita Lorene alimuuliza mdogo wake, "Unataka maua gani, Ardie?"

"Maua ya nini, dada? Waambie wa redio wanipe nafasi baada ya Delphia. Hapohapo. Wasichomeke tangazo wala mwanamume katikati."

Lorene, na ukoo wote wa Stidham, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, hebu fikirini ni sauti ngapi hamkuzisikia, kwa sababu mtu mmoja aliwaamulia.

Sasa, Delphia Rowe. Kisha Ardith Stidham.

Atakayezima, azime.