Ésaïe Kakule Kitsa, Fundi wa Mitumbwi Ambaye Hakumsingizia Kiboko (1951–2002)

Mpendwa wetu Ésaïe Kakule Kitsa alizaliwa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Eduardi, tarehe 3 Juni 1951, mtoto wa kiume wa nne wa Mzee Timothée na Mama Hulda.

Alimaliza shule ya msingi ya misheni mwaka 1964, kisha akajifunza useremala Butembo miaka mitatu. Kwenye cheti chake mwalimu aliongeza neno moja kwa mkono: "Mvumilivu." Cheti hicho kipo nyumbani.

Tangu 1970 alifunga vyuma kwenye mitumbwi: pete za kamba, vishikio vya mota. Alisema kutoboa ubao ni kazi ya mkono, lakini kuchagua masitiki, gundi nzito ya kuziba tundu, ni kazi ya akili. Chini ya maji alitumia masitiki nzito ya mashua tu, inayoshika mbao na chuma na kunyumbuka mota inapotikisika. Ililetwa kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu Eliane Kavugho. Siku ya posa mama mkwe aliona weusi kwenye kucha zake. Akaeleza kwamba ni masitiki, haitoki kwa sabuni wala kwa petroli. Mama akasema, "Sawa. Na wewe usitoke kwa mutoto wangu."

Oktoba 1998 vita ilifunga barabara ya Kasindi. Mama Jokébed, mchuuzi wa samaki, alihitaji mtumbwi wake upesi, na Ésaïe akaziba matundu ya buloni, zile bolti za kushikilia mota, kwa silikoni ya madirisha. Ilikauka, ikang'aa. Juma la pili mtumbwi uliingia maji katikati ya ziwa. Abiria tisa waliokolewa, samaki wote wakapotea. Watu walisema dereva, Urbain, amegonga kiboko, naye akafukuzwa kazi. Lakini mtumbwi ulipovutwa ufukoni, Ésaïe aligusa tundu, na silikoni ikabanduka nzima kama ganda la ndizi.

Mkewe, asiyetaka jina la nyumba liguswe, alimwambia, "Baba Sophie, nyamaza. Kiboko hataitwa ku tribunal mbele ya hakimu."

Akajibu, "Urbain ataitwa. Na iko na batoto."

Jumapili alisimama kanisani Kyavinyonge. "Kiboko hapana. Urbain hapana. Ni akili yangu ilichagua masitiki mubaya."

Urbain alirudishiwa usukani. Ésaïe hakuletewa mtumbwi miezi minne, na mkewe aliona haya hata sokoni. Ulipoingia mwezi wa tano, Mama Jokébed alifika mwenyewe. "Mafundi bengine banasema mitumbwi yao haiingiake maji. Wewe ikiingia, utaniambia."

Tangu hapo kila masitiki aliijaribu kwanza nyumbani: buloni iliyozibwa nayo kwenye kisanduku kitupu cha mbao, ndani ya beseni la maji, siku kumi na nne, kuona kama ndani patabaki pakavu.

Kisukari kilimshika mwaka 2000. Alifariki Butembo tarehe 9 Machi 2002, saa nane mchana, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Ameacha mjane, Eliane, watoto Sophie, Bertrand na Yolande, wajukuu watano, dada yake Florentine, na Urbain, ambaye leo anabeba jeneza upande wa mbele.

Kisanduku chake cha mwisho, alichokitia majini kabla ya kupelekwa Butembo, kilibaki kwenye beseni. Jana zilitimia siku kumi na nne. Mkewe alikifungua, akapitisha kidole ndani. Ni kikavu.

Pumzika kwa amani, Baba Sophie. Kazi yako imeshika.