Komenti za Mwalimu Nabwire Zisifutwe

Mgeni rasmi, Mhandisi Collins Muli, meneja wa kampuni inayochukua programu yetu; wazazi, majirani na wanafunzi wenzetu: hamjambo nyote.

Karibu kwenu

Mgeni rasmi, tunakukaribisha mtaa wa Laini Saba, ingawa tunaona haya kidogo kumkaribisha mtu kwao. Benchi ulilokalia ndilo lile ulilokuwa ukigombania na wenzako kwa sababu liko karibu na soketi. Tangu uondoke tumelipigilia msumari mmoja tu.

Tulikotoka

Tulianza kujifunza kuandika programu kwa kompyuta tatu, na moja ilikuwa haiwaki mpaka ipigwe kofi. Treni ikipita, Mwalimu Nabwire alinyamaza katikati ya sentensi, akapuliza chai yake, kisha akaendelea pale pale. Alikuwa hasomi kazi ya mwanafunzi mpaka iwe na komenti, yaani ile mistari ambayo kompyuta huiruka na binadamu huisoma. Na kila komenti ilitakiwa kuwa na mfano. "Nipe mfano wa mtu namjua," alikuwa akisema, "si huyo John wa kwa kitabu."

Wewe ndiye uliyemuuliza, "Ticha, si programu inafanya kazi poa? Sasa komenti ni za nini?" Akakujibu, "Kompyuta ishaelewa, Collins. Mimi naandikia mtu atakuja kama sipo." Tulicheka, maana tulidhani atakuwepo siku zote. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike kwao Busia. Tunamkosa sana, na treni ikipita bado tunanyamaza.

Tulichofanya

Programu yake ya kuwakumbusha akina mama siku za chanjo kwa ujumbe wa simu inafanya kazi hapa na kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Inawafikia akina mama mia sita na kitu. Tungeweza kujisifu zaidi, lakini lipo jambo ambalo ni lazima ulisikie kutoka kwetu.

Kosa letu

Valentine, anayekusomea risala hii, ndiye aliyepeleka nakala ya programu Kongo. Wageni fulani kutoka mjini walikuwa wameicheka Sheng ya Mwalimu, hiyo lugha ya mtaani aliyoandikia komenti, kwa hivyo Valentine akafuta komenti zote ili programu ionekane ya watu wakubwa. Baada ya miezi minne akaona namba za simu zinajirudia kwenye orodha. Chuoni alifundishwa kwamba kinachojirudia huondolewa, naye akaondoa. Komenti aliyokuwa ameifuta ilisema hivi: "Namba moja inaweza kuwa ya wamama watano. Usitoe. Mfano: Mama Adhis na majirani wake wanne, wote wanatumia simu ya Tabby."

Huko Kongo nako simu moja huhudumia ploti nzima, yaani vyumba vyote vya kupanga vya uwanja mmoja. Akina mama thelathini na wanane walipotea kwenye orodha bila mtu kujua. Mmoja wao, Wacera, hakupata ujumbe, na mtoto wake akalazwa kwa surua siku kumi na moja. Valentine alikwenda wodini kila siku, akakaa kando ya kitanda. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Komenti tulizipata kwenye nakala ya hapa Laini Saba, ambayo ndiyo pekee iliyobaki nazo.

Ombi

Barua ya kampuni yako inataka komenti na mifano yote iondolewe kabla ya Ijumaa, kwa sababu komenti zina majina ya watu na lugha isiyo rasmi. Kuhusu majina, barua ina haki, na jana tuliyabadilisha. Lugha pia tunaweza kuinyoosha. Lakini komenti zikiondolewa kabisa, atakayekuja baadaye atarudia kosa la Valentine, na hatajua hata kwamba amekosea. Tunaomba zibaki. Hatuombi viti wala rangi ya ukuta, ingawa mwenyewe unauona ulivyo.

Jina moja tu hatukulibadilisha. Kompyuta iliyo mbele yako imefunguliwa mahali jina hilo lilipo, nasi tunakusomea alivyoandika Mwalimu: "Hapa Collins alihesabu wiki kutoka siku ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa. Wamama wengi huzalia ushago, huko kijijini kwao, wanarudi mtoto ana miezi miwili. Mfano wa sawa uko hapa chini. Mstari wake nimeuzima tu, kompyuta iuruke, sijaufuta, ndio siku akirudi aone alikuwa amekaribia."

Kama ni lazima zifutwe, mgeni rasmi, tunaomba uanze na hiyo, kwa mkono wako.

Mungu akupe afya, akutunzie watoto, na akurudishe hapa hata siku ambayo hujaalikwa.

Ni sisi wanafunzi wa Mwalimu Nabwire,
Laini Saba na Kongo.